Ndege Hutua Gotini Mwangu

Nyuzi hamsini na moja chini ya sifuri, redio imesema,
shule hazifunguliwi hadi baridi ilegee.
Yakutsk yote imejifungia na birika zake.
Keskil, miaka tisa, akaiteka meza ya jikoni
kabla sijamaliza chai.

Maboksi sita ya maziwa, yameoshwa, bado yananuka:
hilo ndilo jengo la abiria.
Trei ya mayai akaipindua, akaiita paa.
Mnara wa kuongozea ndege
ni bomba la karatasi ya chooni
lililovishwa kifuniko cha gudulia la jemu.
Gundi ni unga na maji ya moto. Niliikoroga mimi,
mwiko hausahau uji.

"Bibi, tunahitaji lami."
Lami! Ghorofa ya nne, mwezi wa Januari.
Nikafungua droo ya vyeti
nikatoa eksirei ya mguu wangu,
ya mwaka ule nilioteleza kwenye kituo cha basi.
Nyeusi, ndefu, inang'aa.
Akainyanyua mbele ya taa.
"Huyu ni wewe?"
"Ni mimi."
Akaikata polepole,
kama anayeogopa kuniumiza.
Mstari mweupe wa katikati hakuuchora,
ulikuwapo tayari:
muundi wangu, kutoka gotini kwenda chini,
na ule ufa mdogo ambapo, alisema,
marubani wawe waangalifu.

Miaka ishirini na miwili nilipiga deki uwanja wa kweli.
Wanaopaa hawaujui.
Uwanja hujulikana kwa sakafu yake:
tope la Mei, theluji iliyoingia na mabuti,
maganda ya alizeti chini ya viti
vya watu waliosubiri mno.
Nikamwuliza, "Choo kiko wapi?"
Akanitazama kana kwamba nimetukana.
"Na stoo ya mafagio?"
Hakuwa nayo. Wahandisi wote ni hivyo hivyo.
Nikamwaga njiti za kiberiti, nikalibandika boksi lake
nyuma ya kaunta ya mizigo,
njiti moja nikaifunga uzi kichwani ikawa dekio.
Sasa, nikamwambia, unaweza kufungua.

Soksi ya upepo ni kidole cha glavu ya baba yake,
ile iliyobaki bila mwenzake.
Baba mwenyewe yuko Tiksi, siku ya tano.
Ukungu wetu si wa mito.
Ni pumzi zetu na moshi wa magari,
vimeganda hewani, havina pa kwenda,
na ndege haioni pa kukanyaga.
Jana simu ilisema: kesho, labda.
Leo simu imesema hivyo hivyo.
Keskil hakuuliza kitu. Nyuma ya boksi la sukari
aliandika kwa kalamu nyekundu ubao wa safari,
Moskva, Mirny, Novosibirsk, zote kwa wakati.
Tiksi aliacha nafasi.

Ndege zake ni vibanio vya nguo
vyenye mbawa za vijiti vya aiskrimu.
Alizitua moja moja, akinguruma kwa midomo,
akazipanga kwenye chumvi.
Kibanio kimoja tu hakukigusa.
Kiko kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa kaskazini,
pua yake imeanza kuota barafu.
Sikukiondoa. Nilifuta vumbi pembeni yake, basi.

Supu ilipoiva nikauliza tutakula wapi.
"Uwanja haufungwi kwa sababu ya supu," akasema.
Tukala tumepakata mabakuli,
mimi kwenye kigoda, mguu mbovu nimeunyoosha.
Mvuke wa sufuria ukashuka mezani,
ukafunika mnara, ukafunika paa la mayai,
stoo yangu ikapotea.
Keskil akaweka kijiko chini.
Akainama, akavuta pumzi mashavu yakajaa,
akapuliza,
akapuliza tena,
hadi mfupa wangu ukaonekana.